Muulize Dokta wa Macho: “Nikikaa nyuma slaidi zina ukungu, ni mimi peke yangu?”

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka vyuoni hapa Dar, Mlimani, Muhimbili, IFM, DIT, na karibu zote zinazunguka jambo moja, kwamba watu wanafika chuo macho mazima halafu mwaka wa pili wa tatu wanaanza kukunja uso kuangalia ubao. Nimechagua chache nizijibu kwa urefu, nyingine kwa ufupi.

Shikamoo Dokta. Nasoma Mlimani mwaka wa pili, nina miaka 21. Toka mwaka jana nikikaa nyuma kwenye venyu kubwa slaidi nazionaga zina ukungu, namba ndo kabisa, 3 na 8 sizitofautishi, kwaio inabidi niwahi nikae mbele na nikichelewa nakopi kwa jirani. Usiku taa za magari zinatawanyika. Simu na madesa nasoma fresh tu. Juzi rumeti kanipa miwani yake nijaribu, nikaona mpaka majani ya mti wa ng'ambo moja moja, nilishtuka. Bibi anasema nikianza miwani ndo basi, macho yatalemaa. Halafu mbona chuoni wenye miwani ni wengi hivi? Sekondari darasani kwetu alikuwa mmoja tu.

Marahaba mwanangu, na pole. Nianze na swali lako la mwisho maana ndo limeulizwa na wengi.

Hauko peke yako hata kidogo. Mbali ukungu, karibu safi, taa za usiku zinatawanyika, hospitali tunaita mayopia, yaani kutoona mbali, na kwa vijana wanaosoma ndo inaongoza kwenye kundi lile linaloitwa upeo mdogo wa macho kuona, yaani shida za kuona zinazorekebishwa kwa lenzi. Jicho la mtu mzima toka mbele mpaka nyuma lina urefu wa kama milimita 24 hivi. Likirefuka zaidi, picha ya kitu cha mbali inatua kabla haijafika kwenye retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha, na milimita moja tu ya ziada inatosha kukupa mainasi 2.50 mpaka 3, mainasi ikiwa ndo namba ya lenzi ya asiyeona mbali. Ni sawa na projekta ya venyu yenu ikiwa haijasetiwa, slaidi haina kosa ila picha haijatua ukutani.

Sasa kwanini chuoni? Sababu ya kwanza ni kwamba wengine walikuwa nayo toka zamani ila hawakupimwa. Kuna utafiti ulifanywa kwa wanafunzi wa sekondari 2,511 wa Mwanza mjini ukachapishwa 2002, waliokutwa na tatizo la maana la upeo walikuwa asilimia 6.1, karibu wote ni kutoona mbali, na kati ya hao wenye tatizo waliokuwa tayari wanavaa miwani ni kama 3 tu kwenye kila 10. Yaani saba wanakaa darasani hawaoni na hakuna anayejua, wenyewe wakiwemo. Darasa la sekondari ni dogo, mwalimu anasoma kwa sauti huku anaandika, daftari la jirani lipo. Ukija kukaa safu za nyuma kwenye kumbi kubwa za Mlimani kama Yombo au Nkrumah, lekchara anapita slaidi haraka, ndo ukweli unatoka. Yule mmoja wa darasani kwenu inawezekana kabisa hakuwa mmoja.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kusoma kwenyewe. Najua wazazi hawapendi kuisikia, ila ushahidi ni mkubwa. Ujerumani walipima watu wazima wakawapanga kwa elimu, majibu yakatoka 2014: waliomaliza chuo kikuu zaidi ya nusu hawaoni mbali, asilimia 53, wasiokuwa na elimu ya juu ya sekondari wala mafunzo ya ufundi ni asilimia 24. Mtu anaweza kusema labda wasioona mbali ndo wanaopenda vitabu. Uingereza wakalifuata hilo swali kwa kutumia vinasaba vya watu wengi sana, 2018 wakaonesha mwelekeo ni kutoka kwenye elimu kwenda kwenye jicho, kila mwaka wa kukaa shule unasogeza namba kama robo ya mainasi hivi. Shanghai ndo usiseme, wanafunzi wa chuo kikuu 5,060 walipimwa, majibu yakachapishwa 2012, asilimia 95.5 hawaoni mbali na karibu mmoja kwenye kila watano alikuwa amevuka mainasi 6. Anayeona bila miwani pale ndo wa ajabu. Sisi hatujafika huko, Afrika Mashariki bado tuko chini sana ukilinganisha na Asia, lakini watoto wetu wanazidi kukaa ndani, shule hadi jioni, tuisheni, kisha simu, kwaio tunapoelekea napaona na pananipa wasiwasi.

Urithi upo pia, wazazi wote wawili wakiwa wanavaa miwani ya mainasi uwezekano wa mtoto unapanda. Ila urithi hauwezi kubadilisha nchi nzima ndani ya kizazi kimoja, na huko Asia ndo kilichotokea.

La bibi. Mpe shikamoo yangu, halafu mwambie kwa upole kwamba miwani yenye namba sahihi hailemazi jicho. Kinachotokea ni kwamba ukishaonja kuona vizuri, ukivua unauona ule ukungu ambao zamani uliuzoea, ndo watu wanadhani miwani imeharibu. Na namba kupanda inapanda yenyewe kwasababu jicho bado linarefuka, uvae usivae. Malaysia walijaribu kuwapa watoto kundi moja namba kamili na jingine namba pungufu kwa makusudi, wakidhani kupunguza kutasaidia, matokeo yalitoka 2002 na waliopunguziwa ndo macho yao yaliharibika haraka zaidi.

Hebu fanya hivi leo. Funga jicho moja, shika desa la maandishi madogo, lisogeze mbali taratibu mpaka herufi zianze kufifia, rumeti apime kwa rula au tepu toka jichoni mpaka kwenye karatasi. Chukua 100 gawanya kwa hizo sentimita. Zimefifia kwenye 50, uko kama mainasi 2. Mita nzima, mainasi 1. Sentimita 25, mainasi 4. Rudia jicho la pili, usishangae yakitofautiana. Hiyo sio ya kwenda kutengenezea miwani, ni ya kukuonesha kwamba sio uchovu wala usingizi, ni kitu kinachopimika.

Kisha nenda kapimwe kweli. Watakukalisha kwenye mashine kidevu juu ya kibao, unaona kapicha ka puto au nyumba mwisho wa barabara kanaingia ukungu kanatoka, inatoa namba kwenye kikaratasi. Hapo usikubali iwe ndo mwisho! Hiyo namba ya mashine ni ya kuanzia tu. Lazima ukae mbele ya chati ya herufi, uvalishwe ile fremu nzito ya majaribio, lenzi zinaingizwa moja moja na unaulizwa hii au ile, jicho la kulia peke yake, la kushoto peke yake, mwisho yote mawili. Ukipewa karatasi isome: SPH ndo mainasi au plasi yako, CYL na AXIS ni za astigmatizimu, yaani kioo cha mbele cha jicho hakijapinda sawa pande zote, na PD ni nafasi kati ya mboni zako kwa milimita, hakikisha imeandikwa maana bila hiyo lenzi zinaweza kukaa vibaya hata namba ikiwa sahihi. Karatasi ni yako, piga picha uitunze kwenye simu. Ya rumeti mrudishie, haitakuharibu jicho ila namba yake sio yako na kichwa kitakuuma.

Habari za kazi Dokta. Naishi Mbagala, kijana wangu yuko chuo mwaka wa kwanza ananiambia haoni anataka miwani, na ametaja ile ya kuzuia mwanga wa kompyuta, bei imenitisha. Nyumbani hakuna aliyewahi kuvaa miwani. Nahofia ni fasheni tu za vijana. Na nina mdogo wake wa darasa la tatu, huyo nifanyeje asifike huko?

Salama mama yangu. Swali lako ni la haki, pesa haiokotwi. Ila naomba usianze na kumwona mwongo.

Cheki hivi akija wikiendi. Chukua kadi ngumu, itoboe katikati kwa pini, katundu kadogo kabisa. Msimame barabarani mbali kidogo na kituo, mwambie asome kibao cha daladala inayokuja, kwanza macho matupu jicho moja moja, kisha kupitia katundu. Kama macho matupu hasomi na kwenye katundu anasoma, basi tatizo ni la kurekebishwa kwa lenzi, hasingizii. Kama na katundu bado haoni, hapo sio fremu ya kukimbilia, ni daktari wa macho, tena mapema, kwasababu inaweza kuwa ugonjwa ndani ya jicho.

Bei mama, nikuambie wazi. Kinachopandisha mara nyingi ni fremu na vikorombwezo. Hiyo lenzi ya kuzuia mwanga wa bluu, wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, walikusanya tafiti mbalimbali wakazipitia, 2023 wakasema haikuonekana kupunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi ukilinganisha na lenzi ya kawaida. Kwaio hiyo hela iache. Mnunulie lenzi ya kawaida yenye namba sahihi na fremu imara inayomkaa puani bila kuteleza. Kama ana bima ya mwanafunzi aulize kwanza dirishani kipi kinalipiwa kabla hajatoa hela mfukoni, na akipata bumu basi miwani itangulie simu mpya.

Na akishapewa, avae. Hapa hapa Dar kuna utafiti ulifanywa kwenye shule za sekondari 37, ukachapishwa 2008, wanafunzi wenye shida ya upeo waligawanywa, kundi moja likapewa miwani bure, jingine likapewa karatasi ya namba wakanunue wenyewe. Baada ya miezi mitatu, kati ya waliopewa bure waliokutwa wanaitumia au wanayo shuleni ni asilimia 47, na kati ya waliopewa karatasi ni asilimia 26. Umeona hapo, hela ni kikwazo kweli, lakini hata bure zaidi ya nusu hawakuwa nayo. Watoto wanaogopa kuitwa macho manne, wasichana wanaambiwa hawatapendeza, na wakati mwingine ni sisi nyumbani tunaosema vua hiyo miwani mbele ya wageni. Naumia sana nikisikia hilo, kwasababu kijana anaacha kuona miaka mitatu ya chuo kwa ajili ya maneno ya mtu. Ukimwambia tu imekupendeza mwanangu, umefanya nusu ya kazi yangu.

Huyo wa darasa la tatu ndo mwenye nafasi kubwa zaidi, maana jicho lake bado linakua. Dawa iliyo rahisi kuliko zote ni kutoka nje mchana. Guangzhou huko China waliongeza dakika 40 tu za kucheza nje kila siku ya shule, baada ya miaka mitatu waliopata tatizo walikuwa asilimia 30.4 dhidi ya 39.5 kwa wasioongezewa. Taiwan toka 2010 wanasisitiza dakika 120 nje kwa siku. Sio jua la kumchoma mtoto, hata kivuli cha mwembe kina mwanga mara nyingi zaidi ya sebuleni, na inadhaniwa huo mwanga unafanya retina itoe kemikali iitwayo dopamini ambayo inazuia jicho kurefuka. Kwaio acheze kombolela, arushe mpira, atumwe dukani, simu aipate kwa kipimo, na kitabu asikibane puani, kikae umbali wa kuanzia kiwiko mpaka ngumi. Mpeleke akapimwe hata kama halalamiki, mtoto hajui kwamba wengine wanaona tofauti.

Dokta mambo, mimi nasoma sheria, mbali naona safi kabisa kuliko wenzangu wote, ila nikipiga msuli saa moja tu kichwa kinauma juu ya macho, mistari inacheza, machozi yanatoka. Nimepimwa sehemu mbili, mmoja kaniambia mainasi 0.75, mwingine plasi 1. Nimwamini nani? Nimenunua ile miwani ya kusomea ya mtaani Kariakoo inasaidia kidogo.

Poa. Hii ni kesi ninayoipenda kwasababu inafundisha wengi kwamba upeo sio mainasi peke yake.

Inawezekana jicho lako ni fupi kidogo badala ya refu, tunaita haipaopia, na lenzi yake ni ya plasi. Kijana wa umri wako ana misuli yenye nguvu ndani ya jicho inayobadilisha lenzi yake ya asili, kwaio anajirekebisha mwenyewe bila kujua, mbali anaona vizuri tu, ila ukimwambia asome kesi kurasa hamsini ile misuli inafanya kazi mara mbili, inachoka, kichwa kinauma. Na ukifika kwenye kipimo misuli ikiwa imekaza, mashine inaweza kukusoma mainasi ambayo huna. Ndo maana umepata majibu mawili yanayopingana, na kuna vijana wanatembea na miwani ya mainasi wasiyoihitaji kwa namna hiyo hiyo.

Suluhisho ni kuomba kipimo cha matone. Unawekewa matone yanayolegeza ile misuli, unasubiri nusu saa mpaka saa moja, ndo unapimwa. Siku hiyo mboni zinakuwa kubwa, mwanga unakuumiza, maandishi ya karibu huyasomi, usiendeshe chochote, nenda na mtu na usiipange siku moja kabla ya UE, ule mtihani wa mwisho wa muhula. Namba ya hapo ndo ya kuiamini.

Miwani za Kariakoo zile ni plasi tupu, sawa pande zote mbili, zimetengenezwa kwa ajili ya wazee wa kuanzia miaka 40 ambao lenzi zao zimeanza kuwa ngumu. Kukusaidia kidogo kunaendana na huo mwelekeo wa plasi, ila haina kipimo chako wala astigmatizimu yako. Na kwa mwenye mainasi haifai kabisa, ya mbali inamzidishia ukungu.

Kitu kingine angalia kupepesa. Ukikodolea laptopu unapepesa mara chache sana, jicho linakauka, na ajabu yake likikauka linatoa machozi. Kila dakika 20 inua uso uangalie kitu cha mbali, mita sita na kuendelea, sekunde 20, upepese kwa makusudi, na feni ya chumbani isikupulize usoni moja kwa moja. Hii haibadilishi namba lakini utasoma muda mrefu zaidi.

Kuna jamaa anauza matone mtandaoni anasema yanaondoa miwani kwa siku 30, na mwingine karoti na mazoezi ya macho. Kweli?

Hapana. Karoti ina vitamini A, asiyekuwa nayo mwilini anashindwa kuona kwenye giza, kwaio kula ni vizuri, ila haifupishi jicho lililorefuka. Mazoezi vile vile. Matone yapo yale ya atropini ya kiwango kidogo, yanatumika kwa watoto chini ya uangalizi wa daktari kupunguza kasi ya namba kupanda, hayafuti iliyopo. Ya huyo jamaa usiyaweke jichoni, mengine yanayouzwa kiholela yana steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, na steroidi ikizidi inaleta presha ya macho na mtoto wa jicho, hapo umetoka kwenye shida ya miwani umeingia kwenye shida ya upofu.

Nina miaka 23, mainasi 7 macho yote, namba yangu ilipanda sana miaka ya sekondari. Nataka operesheni ya leza niachane na miwani, au kontakti lenzi. Unanishauri nini?

Operesheni ya leza inachonga konea, yaani kile kioo cha mbele. Masharti yake ni umri kupita miaka 18, namba iwe imetulia angalau mwaka mzima, na konea yako iwe nene vya kutosha, kwa mainasi 7 hilo la unene ndo litaamua, wengine wanaambiwa haiwezekani na ni kwa usalama wao. Kama namba bado inaruka ruka, au astigmatizimu inaongezeka kila ukipimwa, au unasugua sana macho kwa aleji, mwambie daktari akuangalie keratokonasi kwanza, konea inayochongoka haichongwi. Na uache kusugua toka leo.

Kontakti lenzi sawa, ila kwa mtu mwenye nidhamu. Usilale nazo, usizisuuze kwa maji ya bomba wala ya kisima, usiogelee nazo Coco Beach, kuna vijidudu vya majini vinavyokula konea na matibabu yake ni miezi. Maji yake ni yale ya chupa maalum tu, na mikono iwe imeoshwa na kukauka. Maisha ya hosteli, maji yakikatika, sijui kama utaweza kila siku, jipime mwenyewe kabla hujanunua.

Ila kuna kitu hukuuliza. Ukishavuka mainasi 6 retina imevutwa, imekuwa nyembamba, na operesheni haibadilishi hilo hata ukitoka unaona bila miwani. Hatari ya retina kuachia, presha ya macho, na kuharibika kwa sehemu ya katikati ya retina inabaki juu kwako maisha yote. Kwaio kila mwaka upanuliwe mboni uangaliwe kule nyuma, hata kama huoni shida yoyote. Na siku ukiona vimwanga vinamulika pembeni ya jicho, au vidoti vyeusi vingi vimetokea ghafla, au pazia jeusi linafunika upande mmoja, usisubiri Jumatatu na usiende duka la miwani. Nenda siku hiyo hiyo penye daktari bingwa wa macho, kwa Dar ni Muhimbili au CCBRT Msasani, ukifika mapokezi taja hizo dalili moja kwa moja na useme una mainasi 7, maana kusema tu “jicho linasumbua” utapangiwa foleni ya kawaida.